Mama Vioo na Kiputo Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, msije mkaambiwa na wengine. Nilisimama mbele ya wanafunzi sitini, fimbo mkononi, tai shingoni, nikifundisha kwa mbwembwe kitu ambacho hakikuwepo. Aliyenianika amezikwa Jumanne. Hatukupatana hata siku moja, nami sikuja hapa kujifanya tulipatana.

Kazini alijulikana kama Mama Vioo. Alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu. Mimi, kabla redio haijaniokota, nilikuwa mhadhiri wa biolojia katika maabara hiyohiyo. Aliajiriwa kuosha vioo. Akaviosha miaka minne, mikono ikiwa kwenye maji na jicho likiwa kwetu. Mwisho akawa anazijua hadubini kuliko sisi tuliozisomea.

Mumewe aliniambia juzi, huku anacheka na kufuta machozi: "Hata nyumbani alikuwa hivyo. Ukimwambia sukari imeisha, hajibu. Anakwenda kufungua kopo."

Sasa shikeni jambo hili. Hadubini nzima ilikuwa moja. Wanafunzi sitini. Narudia: hadubini moja, wanafunzi sitini. Wanapanga foleni, kila mmoja anachungulia nusu dakika, kisha anakimbilia mezani kuchora alichokiona. Ukipiga chafya, zamu yako imepita. Kwa hiyo wengi walichora picha ya kitabuni, nami nikawapa alama. Mimi mwenyewe sikuwa nachungulia. Kioo cha sampuli kilikuwa kilekile kwa miaka sita: seli ya jani. Nilikijua kama kiganja changu. Nichungulie nini?

Akatokea binti mmoja asiye na adabu za foleni. Alichora duara, ukingo mweusi mnene, katikati hamna kitu. Nikampa sifuri, nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Hii ni seli au sufuria?" Muhula uliofuata akarudia mtihani. Akachora sufuria ileile. Sifuri ya pili. Na kwa kanuni zetu, sifuri ya pili ni kufungasha virago. Binti alikuwa anafukuzwa chuo kwa kosa la kuchora alichokiona.

Mama Vioo akaja ofisini kwangu na karatasi zote mbili.

"Mwalimu, kioo chenyewe umekiangalia?"

"Fundi, kazi yako kuosha. Nenda kaoshe."

"Nimeshaosha, mwalimu. Uchafu hauko kwenye kioo."

Mnamsikia huyo?

Wiki iliyofuata nikamkuta maabara. Amechukua simu kuukuu yenye ufa, ameifunga kwa mipira kwenye tundu la kuchungulia la hadubini, waya umekwenda kwenye projekta. "Leo wataona wote kwa pamoja," akasema. Nikasema afadhali, foleni imetuchosha. Nikaupa ukuta mgongo, nikaelekeza fimbo nyuma yangu kama ninavyofanya siku zote. "Hapo katikati, kiini cha seli. Pembeni, ukuta wake." Vicheko. Nikadhani somo limewakolea, nikaongeza madoido.

Ndipo Mama Vioo akakibonyeza kioo kwa ncha ya kidole. "Seli" yangu ikateleza mpaka pembeni, ikakatika vipande viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Sauti ikatoka nyuma: "Hongera mwalimu, amejifungua salama!"

Nikageuka. Ukutani palikuwa na kiputo cha hewa, kikubwa kama gurudumu la lori. Sampuli ilikwisha kuharibika zamani, hewa ikaingia. Kiputo cha hewa, wasikilizaji. Duara, ukingo mweusi, katikati hamna kitu. Sufuria ya binti.

Mngetegemea niombe radhi. Nilikwenda kushtaki. Kikao cha kitivo kikaitishwa, nami nikadai simu ile ipigwe marufuku. Mkuu wa kitivo akawa upande wangu, kwa hofu zake mwenyewe: sufuria ikikubaliwa, alama za miaka sita zitafukuliwa. Barua ya onyo ya Mama Vioo ilikuwa imeshachapwa, inangoja sahihi tu.

Leo chuo hicho kimejaa skrini. Mihadhara inarekodiwa. Picha za hadubini ziko mtandaoni, mwanafunzi anazitazama mara mia akiwa kitandani kwake. Ukiuliza kwa nini, wakubwa wanajibu: tunakwenda na kasi ya dunia. Hata rambirambi yao imeandikwa hivyo, na nembo juu. Kasi gani, enyi waungwana? Mlikuwa na foleni ya watu sitini na mwalimu asiyechungulia! Mlisukumwa na mwosha vioo, na mkataka kumwadhibu kwa kuwasukuma.

Nanyi mnaopinga mpaka leo, mnaosema mitambo inaua ualimu, nawajua. Nilikuwa katibu wenu. Mashine hatukuiogopa hata kidogo. Tuliogopa mwanafunzi kulisikiliza somo letu mara ya pili.

Mdogo wake marehemu ananiambia: "Dada hata ujumbe wa simu alikuwa mvivu kuandika. Hakuwa mtu wa mitambo. Alikuwa mtu wa 'hebu tuone.'"

Binti hakufukuzwa. Leo ndiye anayefundisha katika maabara ile. Nilimpigia simu kumpa pole. Akasema, "Ahsante, mwalimu. Ile sufuria bado sijakusamehe." Haya, mwanangu. Ni haki yako.

Kwa mume, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu: poleni sana. Poleni kutoka kwa mtu aliyemtakia mabaya na akapata somo. Nawe msikilizaji unayefundisha, unayesahihisha, unayetia sahihi: mara ya mwisho kuchungulia kwa jicho lako ilikuwa lini? Jijibu kimyakimya, hatukuangalii.

Nimewabakizia mwisho wa kikao kile. Nilisimama nikapiga meza. "Mashine yake imenivunjia heshima mbele ya watoto wa watu! Aizime leo, na iwe mwisho!"

Mama Vioo alikuwa ameketi karibu na mlango. Hata hakuinuka.

"Naizima sasa hivi, mwalimu. Nikishaizima, kile kiputo kitakuwa seli?"