Ndege za Marehemu Theodory Leonsi

Padri, viongozi wa chama na serikali, ndugu wafiwa na majirani, mimi ni Tadei Leonsi, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza kabla ya kufa kwamba historia yake niisome mimi, basi nitaisoma yote, hata sehemu ile ambayo baadhi yenu mmekuja kuona kama nitairuka.

Marehemu Theodory alizaliwa Pito tarehe 9 Novemba 1919, mtoto wa tatu wa Mzee Leonsi na Mama Fransiska, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1934, na Mei 1942, wakati wa vita, akachukuliwa kwenda Mombasa, akawekwa stoo ya vipuri huko Kilindini, ambako alizijua manowari kubwa zinazobeba ndege, si kwa kuzipanda bali kwa spea zilizopita mikononi mwake, kulabu, kamba za chuma za kuinasa ndege inapotua, gia za lifti ya kuipandisha kutoka tumboni mwa meli. Alirudi mwaka 1946 na daftari la michoro na Kiswahili cha pwani, ambacho tulikicheka sana.

Tarehe 17 Aprili 1948 alifunga ndoa na Bertilla, wakajaliwa watoto watatu, Adolfu, Cornelia na Margareth, na mwaka huohuo wa ndoa akaanza kazi ya utunzaji wa stoo katika karakana moja mjini Sumbawanga, kazi aliyoifanya hadi 1974. Jioni alichora, akifuata magazeti ya zamani ya mapadri, jinsi Waingereza walivyofunika sitaha kwa chuma kinene wakati Wamarekani wakitumia mbao, na jinsi baadaye sitaha ilivyowekwa mshazari ili ndege iliyokosa kunaswa ipae tena bila kuzigonga zilizoegeshwa mbele. Alishikilia kwamba kila badiliko la muundo lilianzia kwenye spea iliyoagizwa mara nyingi mno.

Hapa mnisikilize vizuri. Mwaka 1974 tulihamia kijiji hiki cha ujamaa, na siku moja Polikarp, balozi wetu wa nyumba kumi, aliingia kwa marehemu kuazima nyundo, akaiona michoro mezani, akaitazama muda mrefu. Machi 1976, wiki mbili baada ya mkutano wa kijiji, askari walikuja, wakachukua sanduku la michoro, wakamweka marehemu ndani miezi minane, wakimwuliza ndege za adui zitatua wapi. Aliachiwa Novemba bila maelezo, sanduku likabaki huko.

Sisi tulijua ni Polikarp. Mimi nilimnyima mkono miaka minane, mkewe alipofariki sikwenda kuzika, na kila mgeni aliyeingia kwetu nilimchunga macho yake yanatua wapi.

Marehemu alianza kuugua moyo Januari mwaka huu wa 1984, mwezi wa Juni akarudishiwa sanduku, akaliweka chini ya kitanda na ufunguo shingoni, akafariki Jumatano tarehe 15 Agosti, saa nne asubuhi. Jana nililifungua nitafute tarehe hizi ninazowasomea, nikakuta juu ya michoro muhtasari wa mkutano wa tarehe 6 Machi 1976, na mwandiko ni wangu, maana katibu wa kijiji nilikuwa mimi. Siku ile marehemu alisimama kutuonya juu ya ulezi wetu shambani, akasema, "Ndege watashuka mwezi wa tano, tusipojiandaa tumekwisha." Mimi niliandika kama tunavyosema huku kwetu, ndege zitashuka, na wakubwa niliowapelekea muhtasari wakasoma ndege za vita. Marehemu alikuwa ameikata ile "zita" kwa penseli nyekundu, kama alivyosahihisha kadi za stoo, akaandika juu yake "wata", basi, hakuongeza neno. Alijua tangu Juni, na bado akaagiza nisome mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa karakana, majirani wote, na Mzee Polikarp, aliyeshika jembe tangu alfajiri kuchimba kaburi hili bila kuombwa na mtu. Mzee Polikarp, shikamoo. Sijakuamkia tangu mwaka sabini na sita, nisamehe mbele ya watu hawa.

Kaka, mwezi ule wa tano ndege walishuka kweli, wakamaliza ulezi wote, na wewe ulikuwa ndani kwa sababu ya kalamu yangu. Pumzika kwa amani.