Aliyekimbia Bomu

Ndani ya basi, kwenye kiti cha nyuma yangu, fundi wa kuchomelea vyuma alimwambia mama aliyeketi naye, "Dada, enzi za jenerali hatukusikia mabomu. Kura hizi ndizo zilizotuletea magaidi." Alisema kama aliyekuwa akila na huyo jenerali meza moja.

Mama alikuwa akifumua mifuko ya suruali mpya, maana gerezani haipokelewi yenye mifuko. "Redio ilikuwa yake, kaka, ungesikia wapi? Alimfunga mume wangu, akamwita gaidi, naye akafia gerezani. Hawa wa kura wamemfunga mwanangu kwa jina lilelile."

"Labda kijana naye..."

"Bomu lilipolia sokoni alikimbia. Waliokimbia ndio waliokamatwa."

Konda akaita, "Gereza, shukeni!" Fundi akavuta miguu ampishe. Nikataka kumwombea yule kijana, lakini nimwombe Mungu atuletee utawala upi, sikujua.