Vidonge na Sauti Niliyoachiwa na Mama

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, anayemsikia hata mtu asiyeweza kupaza sauti!

Mmeniomba mara nyingi nisimame niseme aliyonitendea Mungu. Nimejaribu mara mbili, na mara mbili nimeketi bila kusema neno. Nikiwa mbele ya watu ulimi unanikauka. Basi nimeandika polepole, siku nyingi, na Mama Yunia wa kwaya amekubali kuwasomea. Nilifika darasa la saba tu, kule Uganda. Nilipokosea mnisamehe.

Mama yangu alizikwa Uganda tukiwa ukimbizini. Hatuna picha yake hata moja. Amani ilipokuja, mimi na dada yangu Keji tulirudi Juba na sufuria mbili, blanketi, na sauti yangu. Ndiyo, sauti yangu naihesabu, kwa sababu kila aliyemjua mama alisema naimba kama yeye. Mama alikuwa na sauti nyembamba ya juu, iliyonyooka. Alikuwa na wimbo mmoja wa kumsifu Mungu aliouimba akipepeta mtama, nami niliweza kuuimba hadi pale juu alipofika, ingawa ndevu zilikuwa zimeanza kuniota.

Keji alikuwa akipika kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, jioni, ananiambia, "Imba ule wa mama. Mimi sikuangalii." Alijua nikiangaliwa sitaweza. Nilikuwa nageukia ukuta wa tukul, nyumba yetu ya msonge, naimba. Nikimaliza namkuta anafuta macho. "Ni moshi," anasema. Hata siku ambayo kuni zilikuwa kavu kabisa, ni moshi!

Jirani yetu Wani alikuwa na gitaa la umeme alilokuja nalo kutoka Kampala. Alikuwa na bendi ya vijana watatu waliopiga muziki wa roki, ule wa makelele na nywele ndefu, na walikosa mwimbaji. Siku moja akanisikia kupitia ua wa nyasi. Akaja mbio. "Ya akhui," akasema, maana yake ndugu yangu, "sauti kama hii unamfichia nani?"

Nikajiunga nao. Tulipiga kila Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja si mbali na soko la Konyo Konyo. Siku ya kwanza niliimba nikiwa nimewapa watu mgongo. Wakaanza kupiga kelele. "Geuka, wewe! Mgongo hauna mdomo!" Ukumbi wote ukacheka. Niliacha maikrofoni nikakimbilia nyuma ya nyumba, karibu na jenereta, nikatamani ardhi inimeze.

Hapo alikuwapo dereva mmoja wa lori. Alinionea huruma. Akanipa kidonge kidogo cheupe. "Meza," akasema. "Mimi nikimeza hii naenda Nimule mpakani na kurudi bila kulala. Simba akisimama barabarani nampigia honi!"

Nikameza. Ndugu zangu, niligeuka! Nilirudi nikawatazama watu machoni, mimi ambaye nilikuwa nashindwa kumsalimia muuza chumvi. Niliimba, niliruka, nilivua shati. Wasichana waliita jina langu. Nilisema moyoni, kumbe dawa ya haya ndiyo hii! Sikumshukuru Mungu. Nilimshukuru dereva.

Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Nilivibeba ndani ya kiberiti. Mwanzoni nilimeza Jumapili tu, baadaye nikawa nameza ili niweze kutoka nje ya mlango. Usingizi ulinihama. Chakula kilinitia kichefuchefu. Keji ananiwekea kisra na bamia, nachovya kidogo, narudisha mkono. Nilisaga meno mpaka taya likauma. Midomo ilipasuka. Moyo ulidunda kwa kasi hata nikiwa nimekaa tu kivulini, na vidole vilitetemeka hivi kwamba Keji ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, mimi kijana mzima.

Na jukwaani? Niliimba haraka kuliko ngoma, kisha nikamfokea mpiga ngoma kwamba analala. Niliimba ubeti ule ule mara tatu nikidhani ninaendelea mbele. Mate yalinikauka mpaka maneno yakakwama. "Jamani, leteni maji, redio inaungua!" mtu mmoja alipiga kelele, na watu wakapiga makofi kwa kucheka. Msichana aliyecheka karibu nami nilimtukana, nikadhani wamepanga njama kunimaliza. Jumapili moja nilianguka katikati ya wimbo. Wani alimwaga maji usoni pangu, nikanyanyuka, nikameza kingine.

Lakini kitu kimoja kilinipa moyo. Sauti yangu, nilijiambia, bado ipo. Kila Jumapili nilifika pale pa juu. Nilisema, mwili umekwisha lakini sauti ya mama ipo, basi mimi bado ni mtu.

Sasa sikilizeni. Mama Yunia, usiruke hapa.

Keji alitaka tumfanyie mama ibada ya kumkumbuka, hapa Juba, katika ua wetu, kwa sababu kule ukimbizini tulimzika haraka na mvua inanyesha. Ndugu walikuja kutoka Gurei kwa miguu. Ilikuwa asubuhi. Keji aliniomba jambo moja tu: niuimbe wimbo wa mama. "Leo utaimba ukituangalia," akasema. "Nataka waisikie sauti yake."

Mama Yunia aliishi na mama katika kambi moja. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na aliuanzisha pale pale mama alipokuwa akiuanzia. Nikafungua mdomo. Ilitoka sauti ya mbuzi. Watoto wakacheka, wakapigwa kofi. Nikajaribu tena. Nikakohoa, nikatazama kiganjani nikaona damu kidogo. Mara ya tatu haikutoka hata ile ya mbuzi. Ulitoka upepo tu.

Keji alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alisema taratibu, "Kalas. Imekwisha. Leo ndiyo nimemzika."

Nikamgeukia Wani, aliyekuwa amesimama langoni. Nikamwambia, "Waambie! Jumapili iliyopita si nilifika juu?" Wani akainamisha kichwa. Nikamshika shati. Ndipo akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Mimi nalegeza nyuzi za gitaa. Kila wiki nalegeza kidogo kabla wewe hujaja. Nyimbo zote nimezishusha zikufuate. Nilikuwa naogopa ukijua utakufa."

Ndugu zangu! Miezi yote ile nilidhani napanda, kumbe ni gitaa lililokuwa likishuka! Nilimpenda Wani na nilimchukia kwa wakati mmoja. Moyo ukaanza kudunda vibaya, nikaona giza mchana, nikaanguka miguuni pa dada yangu.

Daktari alisema moyo umechoka kama wa mzee, na koo limejaa vidonda. Alisema nikiendelea na vidonge sitamaliza mwaka. Mama Yunia akanichukua nyumbani kwake Kator. Alinilaza kwenye mkeka sebuleni, wanakwaya wakaja kwa zamu kuniombea. Lakini mimi, chini ya mto nilikuwa na kiberiti changu. Mnaniombea, nami nahesabu kwa vidole vingapi vimebaki. Mungu anisamehe.

Na nilikuwa na maombi yangu mwenyewe. Nilimwambia Mungu, nirudishie sauti ya mama, ndipo nitaacha. Niliomba hivyo siku nne. Nilitetemeka, nililia, nilisikia watu wakinisema ukutani kumbe hakuna mtu. Kila nilipofungua mdomo kujaribu, ni upepo. Nikasema, basi hanitaki.

Siku ya tano, mchana, jua kali, Mama Yunia alikuwa uani anaosha vyombo. Nilitoa kiberiti nikakiweka kwenye goti. Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu, uchovu ambao siwezi kuuandika. Sikuwa na nguvu hata ya kupatana bei na Mungu. Nikasema, "Bwana, sikuombi sauti. Naomba nilale tu."

Nikamwita Mama Yunia nikampa kiberiti. Hakupiga kelele wala hakuhubiri. Alienda moja kwa moja chooni, nikasikia anasema, "Haya, Shetani, ogelea humo!" Mimi, ambaye sikuwa nimecheka kwa miezi, nilicheka. Nikiwa bado nacheka nikalala. Nililala hadi kesho yake jua likiwa limepanda. Nilipoamka nilisikia njaa. Njaa! Nilikula sahani mbili za kisra, nikaomba ya tatu. Bwana asifiwe! Watu wengine Mungu amewatoa kaburini. Mimi alinipa usingizi na njaa, na kwangu huo ulikuwa ufufuo.

Haikuwa rahisi baadaye. Wiki nyingi mwili ulidai vidonge. Nikimwona dereva wa lori nilikuwa nabadilisha njia. Lakini sijameza tena, kwa neema yake, tangu mchana ule. Moyo unapiga taratibu. Nafunga vifungo vyangu mwenyewe. Nalima mboga pale Gurei na kuzipeleka sokoni.

Sitawadanganya. Sauti haijarudi. Nina sauti nyingine sasa, nzito, yenye mikwaruzo. Asubuhi nikiwa peke yangu shambani huwa naujaribu ule wimbo. Napanda, napanda, halafu pale alipokuwa mama panakuwa patupu, nasimama na jembe mkononi nikimtamani. Ningetoa mavuno yote nimsikie mara moja tu. Namwomba Mungu kila siku. Hajanipa. Sijui kama atanipa, lakini sijaachana naye kwa hilo.

Keji siku moja aliniuliza, "Haifiki?" Nikasema haifiki. Akasema, "Basi niambie alikuwa anacheka vipi. Mimi nimeanza kusahau." Tukakaa tukazungumza juu ya mama mpaka mboga ikaungua. Hatukuwahi kufanya hivyo. Zamani niliimba, yeye alilia, basi.

Wani bado anapiga gitaa. Jumapili nyingine huja anakaa karibu na mlango wa kanisa, na kabla ya sadaka anaondoka. Mwombeeni. Alinikosea kwa kunipenda, nami nimemsamehe.

Ninamshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliokuja kwa zamu kwenye mkeka ule bila kunidharau. Na wewe kijana unayesikia haya, unayemeza au kuvuta kitu ili uweze kusimama mbele ya watu, nakujua hata kama sijui jina lako. Mwamini Yesu. Usimwekee masharti kama mimi. Mwambie jambo dogo tu unaloweza kulisema leo. Kisha njoo kwenye kwaya. Mimi nasimama mstari wa nyuma, upande wa dirisha, pamoja na wanaume wa sauti nzito. Hakuna atakayekuuliza kitu. Tutasogea kidogo, utapata nafasi.