Salamu za Watu Watano

Baraza ya duka la Gulamali pale Nangurukuru ina benchi moja tu, na kwenye benchi hilo hakuna jambo lililowahi kuwashinda wanaoketi hapo. Kila alasiri baada ya swala, Abdurahmani, ambaye kwa mdomo wake watu humwita Spika, hutua birika lake la kahawa na mjadala huanza. Siku hiyo mjadala aliuleta Mwalimu Andrea wa kisomo cha watu wazima. Mzee Likwata, mwenyekiti wa kamati ya kisomo, alitaka kumpiga marufuku kufundisha hesabu kwa mafumbo, eti darasa linacheka hadi linasikika barabarani. Andrea hakuwa na wasiwasi. Kabla ya mafumbo alikuwa na watu sita wanaosinzia. Sasa walikuwa arobaini. Alikuja kulitetea darasa lake, na alijua atashinda.

— Wazee wangu, nawapa fumbo moja tu.

— Lete, alisema Mzee Likwata. Lakini jawabu lako likikosea, mafumbo basi. Unarudi kukaririsha.

— Hapa tuko watano. Kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake mara moja, mikono itapeanwa mara ngapi?

— Ishirini! alidakia Spika. Watu watano, kila mmoja anawapa wanne. Leta jingine.

— Ishirini na tano, alisema Gulamali kutoka nyuma ya mizani. Mimi asubuhi najisalimu mwenyewe kwanza.

Fakihi, maarufu kwa jina la Redio, aliwatazama kwa huruma.

— Nyote mmepotea. Mtu mwenye adabu hutoa mikono miwili. Hiyo ni arobaini. Na wakubwa wakija kutoka Lindi hupeana mwanzo wa mkutano na mwisho. Themanini!

— Themanini, sisi watano? alishangaa Spika. Tutalima saa ngapi?

— Kwani sasa tunalima?

Benchi likaangua kicheko. Hata Mzee Likwata alificha tabasamu kwenye kikombe.

— Ni kumi, alisema Andrea.

— Kumi! Mwalimu kala nusu ya watu!

— Ukinipa mkono, Spika, na mimi nimekupa. Hiyo ni moja, wewe umeihesabu mara mbili.

— Kwa maneno kila mtu hodari, alisema Mzee Likwata. Tupeane tuone.

Wakati huo Mboni alikuwa akipita na ungo wa kunde. Alikuwa mwanafunzi wa kisomo, ameolewa pale mwezi uliopita akitokea Rondo.

— Shikamooni.

— Marahaba, aliitikia Mzee Likwata. Mwanangu, hebu simama hapa. Kila mikono ikikutana, weka kunde moja kwenye benchi.

Wakainuka, wakapeana mikono kwa kelele na mizaha, kisha wakaketi. Mboni akahesabu. Akarudia.

— Tisa.

— Mwalimu kwisha habari yake! Spika akapiga paja.

Andrea alikuwa ameona. Redio na Mzee Likwata walipofikiana, mmoja aliinama kutafuta kiatu, mwingine akageukia kikombe. Miaka miwili nyuma, wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, Mzee Likwata akiwa balozi wa nyumba kumi ndiye aliyekuja na lori kumwondoa Redio kwenye mikorosho ya marehemu baba yake. Tangu hapo wanakunywa kahawa ya birika moja, na kila mmoja akifika husalimia jamaa wote kwa pamoja. Benchi zima lilijua, na halikusema. Sasa sentensi moja tu ingempa Andrea ushindi. Akawatazama wale wazee wawili, roho ikamuuma, akashindwa kuitamka.

— Huenda nimekosea, alisema.

Spika naye aliacha kucheka. Mzee Likwata alikizungusha kikombe chake kitupu.

— Hujakosea, mwalimu. Jawabu ni kumi. Kafundishe mafumbo yako.

— Lakini kunde ni tisa, alisema Mboni, akiwatazama mmoja mmoja. Nani hajampa nani mkono?

Wanaume watano waliziangalia zile kunde.