Sampuli Mia na Kumi na Mbili za Ndugu Kobelo

Leo, tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Bartholomeo Kobelo, Fundi Mkuu wa karakana ya Chuo Kikuu chetu cha Utafiti wa Ufundi, anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya utumishi. Kamati ya Uhusiano wa Chuo na Viwanda imeniagiza mimi, mpiga chapa wa karakana, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimeambiwa uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usimchome mtu. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi.

Ndugu Kobelo alizaliwa Mgeta mwaka 1929. Alisoma hadi darasa la nne, akajifunza useremala misheni, kisha mashine kwenye mashamba ya mkonge. Alipoajiriwa hapa mwaka 1968, Chuo kilikuwa na madokta wanne waliosomea ng'ambo, mashine moja ya kukereza chuma, na azma ya kuviinua viwanda vya mkoa kwa utafiti. Madokta wakaanza utafiti. Kobelo akaifungua ile mashine, akaitia mafuta.

Viwanda vyetu, ndugu zangu, vina mashine za watu waliokwisha kurudi kwao. Jino la gia likivunjika, kipuri kiko Ulaya na fedha za kigeni haziko popote. Hapo ndipo Kobelo alipoitwa. Alivaa kaptula yake ya kaki, akadandia lori, akafika. Aliweka ncha moja ya fimbo kwenye mashine na nyingine sikioni, akasikiliza huku amefumba macho, na ole wako umsemeshe! Kisha alirudi karakanani, akachukua kipande cha mninga, akachonga kifaa kilichovunjika, jino kwa jino. Wasubu chuma wa mjini waliikandamiza sampuli hiyo ya mti kwenye mchanga, wakaiondoa, wakamimina chuma kwenye umbo lililobaki, na kiwanda kikanguruma tena. Sampuli yenyewe aliichoma namba kwa chuma cha moto na kuirudisha rafuni, ili kifaa kikivunjika tena kazi iwe nyepesi. Kufikia mwaka jana zilikuwa mia na kumi na mbili.

Kamati nayo haikulala. Ilikutana. Kila mwaka ilitoa taarifa, na zote nimezipiga chapa mimi, kwamba vipuri vimepatikana kwa juhudi za pamoja. Mara mbili, kwa kiherehere changu, nilitia jina la Kobelo. Mara zote mbili lilirudi limekatwa kwa wino mwekundu. Mwaka 1977 Mwenyekiti, Dokta Abasi, alimtaka naye alete taarifa yake kikaoni. Kobelo alikuja na gia, akaiweka juu ya meza, akakaa. Walipomuuliza viambatisho viko wapi, alitoka, akarudi na boliti nne.

Oktoba mwaka jana tulitembelewa na mgeni rasmi. Ilitoka amri kila mahali pang'ae. Kamati ilipita karakanani, ikaona rafu nzima ya vipande vya mbao vyenye vumbi. Kobelo siku hiyo alikuwa Mikese, kwenye kinu cha alizeti kilichogoma. Hakuna aliyeuliza. Mbao zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikapelekwa jikoni kuwa kuni. Mgeni rasmi akala pilau iliyopikwa kwa uhusiano wa Chuo na viwanda, akaisifu sana.

Kobelo aliporudi aliikuta rafu imepigwa rangi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la kazi, kofia mkononi, na mimi nilimwona machozi yakimlengalenga, mtu ambaye niliwahi kuona nyundo ikimponda kidole akaiambia nyundo pole. Niliumia mno siku ile, sifichi.

Kumbe Mama Eufrazia, mpishi wetu, alikuwa amechoma thelathini na moja tu. Alipookota ya thelathini na mbili akaiona namba, akasimamisha kazi. Kwao, alisema, mti wenye alama una mwenyewe. Zilizobaki akazificha stoo chini ya magunia ya mahindi, na mnakumbuka wenyewe, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi kuficha kitu stoo kulitaka moyo. Jioni alimwita Kobelo, akamwonyesha themanini na moja. Kobelo alimshika mikono yote miwili, akamkazia macho. Mama wa watu akamwambia asimwangalie hivyo, mboga inaungua.

Zile thelathini na moja alizichonga upya, kwa kichwa. Hakuwa na mchoro wala kipimo kilichoandikwa. Alikuwa na vidole vyake. Likizo ya kustaafu aliyostahili hakwenda. Miezi saba alichonga, na kila iliyokamilika aliipeleka kwa lori kiwandani kuilinganisha na kipuri chenyewe. Ya mwisho aliimaliza tarehe 14 Mei, akaifagia rafu, akaniambia sasa anaweza kwenda nyumbani bila deni moyoni.

Tarehe 18 Mei ukafanyika ukaguzi wa vifaa. Sampuli hazikuonekana kwenye daftari la mali ya Chuo, maana hakuna aliyewahi kuziandikisha. Kamati ikakata shauri: si mali ya Chuo, mstaafu aondoe vitu vyake binafsi ndani ya siku kumi na nne. Barua hiyo niliipiga chapa kwa vidole hivi hivi. Nilipomaliza nilikwenda kwa Dokta Abasi, nikamwambia wazi kwamba vitu hivyo ni vyetu sote, na vikiondoka tumekwisha. Alinijibu kwa upole kwamba kazi ya mpiga chapa ni kupiga chapa.

Kobelo aliisoma barua mara mbili. Miaka kumi na sita hajapata kukaidi barua ya ofisi. Alikwenda sokoni kwa Mzee Mwinshehe, ambaye lori lake hushusha kabichi za Mgeta na kurudi tupu. Tarehe 30 Mei likapakia sampuli zote mia na kumi na mbili. Kibali cha getini nilikiandika mimi: vitu binafsi. Mlinzi alikisoma, akafungua.

Tarehe 11 Juni kiwanda kimoja cha sukari kilisimama, miwa ikiwa imeshakatwa. Kiliiandikia Kamati kuomba sampuli namba 47, kwa kuzingatia uhusiano wetu mzuri wa miaka mingi. Kamati imepanga kulijadili ombi hilo tarehe 5 Julai. Haijaniuliza sampuli ziko wapi, na mimi kazi yangu ni kupiga chapa.

Lakini nimeagizwa kuandika wasifu, na wasifu unataka ukweli. Nakala mia mbili za ratiba hii zimekwisha pita kwenye mashine ya kudurufu, aliyoitengeneza Kobelo, kwa hiyo wino mwekundu umechelewa. Uhusiano wetu na viwanda sasa unakaa Mgeta, darini nyumbani kwake, kila sampuli kwa namba yake. Fundi wa kile kiwanda hakungoja kikao, aliniuliza mimi. Alipanda Alhamisi ya tarehe 14, akashuka na namba 47 begani, na miwa inasagwa. Kamati nayo ikitaka kwenda, lori linaishia gulioni. Kutoka hapo ni kilima, saa mbili kwa miguu, na viatu vya kikaoni havifai. Mkifika, anzeni na shikamoo.

Ndugu Kobelo, asante kwa kila gia, na kwa zile boliti nne. Tunakutakia uzee wenye afya na kiti kizuri barazani. Ongeza na benchi, maana wageni wanakuja.

Mwajuma Salum
Mpiga Chapa, Karakana