Mama Sitan Aiaga Karakana ya Tope

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Sitan Coulibaly anastaafu tarehe 31 Desemba kutoka karakana ya nguo za tope katika nyumba yetu ya sanaa hapa Ségou. Kamati imenipa mimi, Bakary Keita, mwalimu wa uchoraji, kazi ya kumwandikia. Wamekosea. Ukoo wa Keita na ukoo wa Coulibaly ni watani, na mtani hapewi kazi ya kusifu.

Alipoajiriwa, sisi wachoraji tulikuwa tukijivunia rangi za kopo kutoka ng'ambo. Yeye alileta mtungi wa tope la mtoni lililovundikwa mwaka mzima, akatandika kitambaa kilichochovywa maji ya majani kikawa cha manjano, akatuambia tusichore alama: tupake tope pembeni mwake, ijitokeze yenyewe. Tulicheka. Mimi nikaipaka alama hiyohiyo, nikatoa kitu kama mkeka uliokanyagwa na mbuzi, naye akakitundika mlangoni wageni wakione. Leo nenda maonyesho yoyote ya vijana wetu, utakuta turubai kubwa ambazo picha yenyewe ni ile sehemu isiyopakwa. Hayo waliyapata kwake.

Aliyeyashika kuliko wote ni Jeneba, binti wa kaka yake, ambaye kazi zake zilifika hadi Dakar. Ndiye aliyekuwa airithi karakana. Homa ilimchukua mwezi Agosti.

Kwetu mtani huenda msibani kutania, ili watu wapate kupumua. Nikaenda. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti kwa tusi tunalowarushia akina Coulibaly siku zote: "We mla maharage! Hata ya wafiwa umeyamaliza? Umetubakizia sufuria tupu?" Waliokaa matanga wakacheka. Mama Sitan akanitazama tu. Mwanamke ambaye miaka yote hakuniacha nivuke ua bila kuniita mtumwa wake, hakujibu neno, na mpaka leo hajajibu. Mtungi umekauka, karakana haina wa kuirithi, na hilo linaniuma. Lakini kimya chake kinaniuma zaidi.

Mama Sitan, wenzako wote wanakushukuru na kukuombea pumziko jema. Mimi sikuombei chochote. Nitakuja kwako kila Ijumaa baada ya swala, nisimame mlangoni nikutukane majirani wakisikia, mpaka siku utakapotoka na kunirudishia tusi langu.