Zulia, Kiwanja cha Majani Kando ya Kanisa Kuu

Baba Paroko, wanakamati, majirani wa mtaa huu, wauguzi mliotoroka zamu mara moja, na wewe dereva wa tingatinga uliyekubali kuzima injini, mimi ndiye mnayeniita Babu Firimbi, mtunza bustani wa kanisa hili kwa miaka thelathini na sita, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu familia yenyewe ni mimi. Najua kiwanja cha majani hakisomewi historia, Baba Paroko naye alicheka nilipomwomba, kisha akaacha kucheka, akanipa dakika kumi kabla kazi haijaanza, kwa hiyo nitasoma upesi, mnivumilie.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Zulia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, upande wa kusini wa kanisa kuu, kati ya ukuta wa sakristia na barabara ya hospitali, mahali ambapo waashi walikuwa wakikorogea chokaa, pakabaki peupe, pagumu, hapaoti hata magugu. Msimamizi wa waashi hakupenda kuondoka na kuacha kovu lile, akaagiza mikokoteni arobaini ya udongo mweusi, na wake wa waashi wakapanda vipande vya majani kwa mikono, kimoja kimoja, wakiwa wamepiga magoti. Urefu wake ulikuwa hatua ishirini na sita, upana hatua kumi na nne, na leo asubuhi nimempima tena, hajapungua.

Elimu yake aliipata kwa Mzee Kamba, mtunza bustani aliyenitangulia, kuanzia mwaka 1949 hadi mzee huyo alipostaafu tarehe 31 Januari 1988. Mzee Kamba aliitwa hivyo kwa sababu alinyoosha kingo za marehemu kwa kamba na vigingi viwili, akafyeka kila Ijumaa, na zaidi ya hapo hakujisumbua, watu wakikaa wakae, wakilala walale. Wakati wake wauguzi walikula chakula cha mchana hapa, wanafunzi walijisomea hapa, kina mama waliokuwa na wagonjwa wodini walitandika khanga wakanyonyesha watoto, na mzee mmoja fundi saa alikuja kulala kila Jumapili baada ya misa mpaka mkewe akamfuata na fimbo. Ni kweli marehemu alikuwa na vipara viwili vitatu, ila hakuna aliyevisemea vibaya.

Mimi niliajiriwa kesho yake, tarehe 1 Februari 1988, nikiwa na miaka ishirini na minane na kichwa kigumu. Paroko wa wakati ule alinionyesha vile vipara, akasema angefurahi vikiota majani, basi, mwenzenu nikalichukua neno lile kama amri kutoka mbinguni. Nikapaka ubao rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyekundu USIKANYAGE MAJANI, nikanunua firimbi ya refa, na tangu siku hiyo aliyeweka hata kisigino hapa alinisikia. Vipara vikaota ndani ya miezi minne. Nikapewa cheti, nikakitundika sebuleni, na ningekuwa na akili ningeishia hapo, lakini sifa zilinikolea.

Kwa upande wa ndoa, marehemu hakuwa nayo, ingawa mke wangu alikuwa haambiliki kwamba Zulia si mke mwenzake, akihesabu saa nilizolala nyumbani na saa nilizokuwa hapa na mkasi nikikata kingo. Aliwatania majirani kwamba yeye ni mke wa pete, mwenzake ni mke wa mapenzi. Tarehe 9 Agosti 2004 alitoka hospitali, hapo ng'ambo ya barabara, miguu imemvimba, jua limewaka, akaniomba akae kidogo tu pale pembeni penye kivuli cha ukuta, avute pumzi. Nikamwambia nikimruhusu yeye nitawazuiaje wengine, nikamshika mkono, nikampeleka kwenye benchi la zege karibu na lango, lile linalopata jua mpaka saa kumi. Hakugomba, alinitazama tu, akasema leo ndiyo amejua kati yao bi mkubwa ni nani. Alifariki tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, hakuwahi kukaa hapa hata mara moja.

Marehemu ameacha watoto watatu, wote wa vipandikizi. Wa kwanza alipelekwa shule ya msingi mwaka 1993, akamalizwa na mpira, wa pili yuko mbele ya posta, anaendelea vizuri, na wa tatu nilimpanda mwenyewe juu ya kaburi la mke wangu, Januari 2005, nami huwa nakwenda kukaa juu yake, simzuii mtu yeyote.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aliugua ukame mwaka 1997 akapona, akaugua mchwa mwaka 2011 akapona. Ugonjwa uliomwondoa ulianza mwaka jana, magari ya waumini yalipokosa pa kuegeshwa, kamati ikauliza kama kiwanja hiki kina kazi. Wanakamati hawakukurupuka, nawatolea ushahidi, walimtuma binti mmoja aliyesomea takwimu akae chini ya mnara wa kengele kuanzia tarehe 8 hadi 27 Januari 2024, aandike kila mtu anayekitumia. Mimi sikuambiwa anaandika nini. Nilidhani ametumwa kukagua kazi yangu, nikamletea kiti, nikamletea maji ya kunywa, nikavaa sare safi kila siku, na wallahi sijawahi kupiga firimbi kama nilivyopiga wiki zile tatu. Nilimfukuza muuguzi na kopo lake la chakula, nikamfukuza bwana harusi, nikamfukuza kikongwe aliyetaka kufunga tu kamba ya kiatu, wote pamoja hawapungui mia mbili, na kila nikifukuza namtupia binti jicho nione kama ameona. Aliona. Kwenye karatasi yake, siku zote kumi na nane za kazi, aliandika sifuri.

Tarehe 4 Machi nilikwenda mbele ya kamati na barua niliyoiandika mara saba. Nilisema watu wanampenda, wangemtumia, mimi ndiye niliyewazuia, niadhibiwe mimi. Mwenyekiti, ambaye nilimfukuza hapa akiwa na miaka tisa, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole mzee wetu tumekuelewa, lakini karatasi imeshapita, mkandarasi ameshapatikana, na isitoshe hata leo hii kuna nani pale. Nikachungulia dirishani. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ubao wangu. Nikakunja barua nikarudi kumwagilia, maana ilikuwa saa ya kumwagilia.

Mauti yamemfika leo, Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, akiwa na miaka tisini na mitatu na miezi miwili kasoro siku moja. Atawekewa vitofali vya saruji, yatakaa magari kumi na mawili.

Familia inamshukuru bwana shamba aliyemtibu mchwa bila kuchoka, wauguzi ambao miaka yote hii wamekula wamesimama ukutani bila kunitukana, angalau si mbele yangu, mpiga kengele na mfagiaji wenzangu kazini, na fundi viatu wa langoni aliyenishonea mpira wa maji kila ulipopasuka. Namshukuru pia yule binti wa takwimu, aliyekuja nyumbani kwangu kulia, nikamwambia asilie, yeye aliandika alichokiona.

Ubao nimeung'oa alfajiri, huu hapa, na firimbi nimeiacha nyumbani. Dereva amesema anaweza kungoja robo saa. Nawaomba mvue viatu mwingie, msiogope, kaeni, lala ukipenda, mama mwenye mtoto mweke chini atambae, na mimi nitakaa pale pembeni kwenye kivuli cha ukuta, nafasi ya mtu mmoja kando yangu mniachie wazi.

Zulia, pumzika sasa, ingawa amani nilikupa nyingi mno.